Mjane wa Darasa la Mabomba

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika katikati ya maombi, watu wakiwa wamefumba macho.

Wengi wenu mnajua ninaandika riwaya. (Wale ambao hamjui, hamjakaa na mimi zaidi ya dakika tano.) Shujaa wangu ni Syombua, mjane kijana wa Migwani anayejifunza ufundi wa mabomba. Juzi nilimsomea rafiki yangu sura ambapo bomba la shule linapasuka na Syombua analizuia. Niliandika kwamba bomba lilinyamaza chini ya viganja vyake kama mtoto aliyebembelezwa. Rafiki yangu akauliza, "Sawa. Lakini amelifunga na nini?"

Sikujua. Swali likanikaa kama mwiba. Nyumbani kwetu kwenyewe koki ya tanki inadondosha maji, tumeifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na fundi kila akipigiwa simu yuko njiani. Hata wa kumuuliza sikuwa naye.

Basi asubuhi nikamwambia mama naenda maktaba. Mama akasema vyema, yeye anaenda ushirika wa akina mama kanisani. Nikaelekea chuo cha ufundi kilicho njia ya Matinyani.

Kozi zote zimeandikwa kwenye ubao langoni, kwa rangi ya buluu, nami nikausoma kama shairi. Uashi. Useremala. Ushonaji. Umeme wa majumbani. Ususi. Uokaji. Ufugaji nyuki. Nikajiuliza ni nani huyo anayeamka siku moja akachagua nyuki akaacha keki. Nini kilimpata? Nani alimuumiza?

"Leo ni wanafunzi wapya peke yao," askari wa lango akaniambia. "Wewe ni mpya?"

Kutoka ndani nilisikia chuma kikikatwa. Harufu yake ilikuwa ya moto na vumbi, na Syombua wangu hakuwa na harufu yoyote.

"Mpya," nikasema. (Mle ndani nilikuwa mpya kweli.)

Darasa la mabomba lilikuwa limejaa. Mwalimu Kavata, mama mrefu mwenye koti la kazi, alikuwa anamuuliza kila mmoja kwa nini amechagua kozi hiyo. Akatangaza kwamba imebaki nafasi moja. Tulikuwa tumebaki wawili: mimi, na dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake Kanini.

Hapo ndipo ningetoka. Lakini mezani palikuwa na vipande vya bomba, vingine vimeunganishwa, vingine havijaunganishwa, na mimi nilitaka tu kuona jinsi vinavyoshikana.

"Na wewe, dada. Kwa nini mabomba?"

Nilikusudia kusema kweli. Nikafungua mdomo, akatoka Syombua.

"Mume wangu alifariki, Mwalimu. Alikuwa anachimba kisima."

Mwalimu akavua miwani. "Pole sana. Hebu simama utoe ushuhuda. Huwezi jua utamsaidia nani."

Ninyi mnajua watu wetu. Ukiambiwa utoe ushuhuda, huulizi, unasimama. Na ukishasimama mbele ya watu wanaoitikia "amina" kila ukipumua, maneno huja yenyewe. Nikawapa kisima. Nikawapa kamba iliyokatika. Mzee mmoja akatoa leso. Nikawapa na mbuzi wa marehemu, aliyekataa majani tangu siku ya msiba. (Mbuzi hayumo kwenye riwaya. Alikuja pale pale. Sijawahi kupata wasomaji kama wale, na mnisamehe, nilinogewa.)

Kanini alikuwa analia. Akasimama, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Mwalimu, mpe huyu dada nafasi yangu. Mimi angalau niko na bwana. Nitangoja muhula ujao."

Kisima hakikuwepo, kamba haikuwepo, lakini nafasi ile ilikuwepo, na ilikuwa moja.

"Hapana, dada, ngoja," nikasema. "Mimi si..."

"Usikatae baraka," Mwalimu akanikata. "Na hatuwezi kukuacha hivi hivi. Kuna mwanafunzi wangu wa muhula uliopita, amekuja kufanya mazoezi, mama wa maombi kabisa." Akafungua mlango wa karakana. "Mama Mutheu! Njoo kidogo."

Mutheu ni mimi.

Mama akaingia na ovaroli ya buluu, spana mkononi, kitambaa cha ushirika kichwani. Akaniona. Nikamwona. Hakuna aliyepepesa.

"Huyu ni mjane," Mwalimu akamweleza. "Bwana yake alifia kisimani. Hata mbuzi wake amekataa kula. Tuombee."

Mama akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. (Viatu vilikuwa vyake.) Akaweka spana mezani, polepole.

"Tufumbe macho."

Tukafumba.

"Bwana, tunaleta mbele zako huyu binti mjane."

"Amina."

"Umfariji kwa kifo cha bwana yake, ambaye sisi watu wa nyumbani hatukualikwa hata kwa harusi yake."

"Ami..."

"Na huyo mbuzi, Baba, umtazame. Nimemwacha asubuhi akitafuna leso yangu kwenye kamba ya nguo, akiwa na afya tele."

Nikafungua jicho moja. Kanini naye alikuwa amefungua moja, na lilikuwa linanitazama.

"Na mzee wangu, aliyemuaga mtoto wake akienda maktaba, umpe moyo wa kuvumilia habari hizi. Amina."

Hakuna aliyeitikia.

"Mama Mutheu," Mwalimu akauliza taratibu, "mnajuana?"

"Nilimzaa."

Mzee wa leso ndiye aliyeanza kucheka. Nikasema yote, Syombua, sura, bomba la shule, nikimtazama Kanini peke yake. Nikamwambia nafasi ni yake, na kwamba machozi yake nitayalipa sijui kwa kitu gani. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mwaitu," nikamnong'oneza mama, "si ulisema unaenda ushirika?"

"Kwani hapa nimefanya nini? Sijaomba?" Akachukua spana yake. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nimechoka kungoja mtu aliye njiani, Mutheu. Nilitaka siku moja mwamke mkute koki imenyamaza."

Kanini akanifuata mpaka mlangoni. "Lakini huyo Syombua. Alifunga hilo bomba na nini?"

"Sijui. Ndilo nililokuja kuuliza."

"Basi nikifundishwa nitakwambia. Na huyo mbuzi usimuue."

Sasa niko nyumbani, nimeshika ndoo, mama anabadilisha koki. Baba amesimuliwa kila kitu. Amefikiri sana, halafu ameuliza marehemu alikuwa wa ukoo gani.

Jumapili mkinikuta kanisani, nawaomba msicheke. Na mtu akiwauliza habari za mume wangu, mwambieni yuko njiani.