Malalamiko Dhidi ya Pazia la Kijani

Kwako Shangazi,
Mtazamaji Mkuu, Dirisha la Ghorofa ya Pili.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mahali pako pa kawaida, nyuma ya pazia la kijani, ukinitazama ng'ambo ya barabara nikiiandika.

Kama ujuavyo, maana hakuna usichokijua, natafsiri mwongozo wa wauguzi. Tangu juzi nimekwama kwenye kitenzi cha Kiingereza, "watch", ambacho muuguzi anatakiwa kumfanyia mgonjwa. Nilitaka kuandika "amtazame", nikaona kwanza nichimbe asili yake. Kumbe ni ndugu wa neno lao la kuamka. Maana yake ya kale ni kukesha. Kisha ikawa kukesha kwa ajili ya kitu: mgonjwa, lango, mifugo. Kutazama tu kulikuja baadaye, ukoo ulipoanza kulegea. Hata saa ya mkononi iliazima jina humo humo.

Kwa hiyo nakushitaki kwa kushika cheo na kuiacha kazi yake.

1. Jumatatu nilitoka na nywele mbichi. Sijafika hata kituoni, mama akapiga simu kuuliza kama nautafuta ugonjwa.

2. Kijana wa gesi alipokuja, ulimwambia fundi cherehani wa hapo chini kwako: "Mtungi gani huo unaofungwa nusu saa?" Koki ilikuwa imekwama, Shangazi. Sasa mtaa mzima unaniulizia hali ya koki.

3. Mwizi alipoanua shuka zangu mchana kweupe, ulimtazama mpaka akazikunja. Ukasema ulidhani ndiye mchumba, na ulifurahi kuona anajua kukunja.

4. Kikohozi. Nikiinua tu kichwa kutafuta neno, unakohoa ili nijue umeniona nikizembea. Mwongozo wangu una sura nzima kuhusu kikohozi cha namna hiyo. Nimekusihi mara ngapi uende hospitali? Jibu lako: "Nikienda, dirishani atabaki nani?"

Naomba ujiuzulu mara moja. Ukishindwa, basi fanya kazi yote: kesha, fukuza wezi, na taarifa zako zipite kwangu kabla ya kwenda kwa mama, nizinyooshe lugha. Ukishindwa hilo nalo, nitahamia mtaa wenye nyumba zisizo na madirisha.

Nisalimie fundi cherehani, na wote wanaoishi kwa habari zangu.

Ni mimi, mtuhumiwa wako wa kila siku,
Binti wa kaka yako.

Tanbihi: Pazia halijatikisika tangu asubuhi. Nimeliangalia kila nilipomaliza sentensi, hivyo ukiona makosa humu, sababu ni hiyo. Sijasikia kikohozi. Simu hupokei, na fundi cherehani anasema leo hujamrushia hata neno. Yale ya kujiuzulu yafute. Barua naileta mwenyewe, nashuka ngazi sasa hivi, nywele zikiwa mbichi, na nitavuka katikati ya barabara unione vizuri. Chungulia basi, Shangazi.