Zacahuil ya Moyo Laini

Jumatatu, 6 Mei

Siku yangu imefika! Shefu Octaviano Rentería anakuja mjini kwetu San Nicandro mwisho wa wiki hii. Yule yule wa televisheni, mwenye ndevu za kupaka mafuta na mchoro wa gunzi la mahindi mkononi. Anazunguka nchi nzima akiokoa vyakula vya kienyeji. Mke wangu Amparo kauliza anaviokoa na nini, kwani vimezama? Hana maono.

Shefu anatafuta fundi mmoja wa zacahuil, ile tamali yetu kubwa ya unga wa mahindi na nyama inayookwa ndani ya majani. Atampeleka mji mkuu, awafundishe wapishi wake, aonekane kwenye kipindi. Fundi huyo ni mimi. Kweli, zacahuil ya nyumba hii hupikwa na mama mkwe wangu, Bibi Crescencia, kila Jumapili tangu kabla sijaoa hapa. Lakini majani ya mgomba ya kuifungia, nani anayakata? Kuni nani anabeba? (Majuzi sikubeba, niliumwa mgongo.) Tamali yenye urefu wa mtu mzima haijifungi yenyewe.

Nimempigia simu msaidizi wa Shefu. Nimemwambia siri ya zacahuil niliirithi kwa bibi yangu, aliyenifundisha nikiwa bado nabebwa mgongoni. Bibi yangu aliuza viatu Tampico, na hata yai lilimshinda kuchemsha. Ila marehemu hamsuti mtu.

Jumanne, 7 Mei

Msaidizi kapiga simu. Wanataka jiko halisi. Plastiki isionekane. Friji isionekane. Mashine ya kusaga isisikike. Moshi uwepo. Na bibi kizee awepo, ikiwezekana pekupeku. Nikasema vyote vipo, karibuni.

Nimeshinda nikihamisha vitu. Viti vya plastiki nimepeleka kwa jirani. Friji nimeifunika mkeka. Lile jiwe la kusagia la marehemu mama yake Bibi Crescencia, ambalo miaka yote limezuia mlango wa banda la kuku, nimelisugua na kuliweka mahali pa heshima. Kuku wote wakatoka. Wengine hawajaonekana mpaka sasa.

Mama mkwe kavumilia yote mpaka nilipomwomba avue viatu. Loo! Kaniambia viatu vyake vya kwanza alivinunua kwa jasho lake, baada ya utoto mzima wa kukanyaga tope, na hatavivua kwa ajili ya mwanamume aliyejichora mahindi mkononi kama vile anaogopa kuyasahau.

Nitamwambia msaidizi kwamba ni viatu vya kimila.

Jumatano, 8 Mei

Balaa! Macedonio naye kaalikwa!

Macedonio ni kompadre wangu. Ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, na ana tanuri lake upande wa pili wa uwanja wa kanisa. Mnene, mcheshi, hana adui. Watu wa namna hiyo ni hatari sana. Shefu atapita kwake, atapita kwetu, ataonja, atachagua mmoja.

Nimemwendea kumshauri ajitoe, kwa faida yake mwenyewe, maana taa za televisheni huwanenepesha watu. Kacheka mpaka kashika tumbo. "Kompadre," kasema, "akikuchagua wewe tutakunywa, akinichagua mimi tutakunywa. Pombe ni ileile."

Mnafiki mkubwa. Hakuna mtu mwema kiasi hicho.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata! Tena dawa kanipa Mama mkwe mwenyewe, bila kujua.

Tulikuwa tunakula. Amparo kaanza tena habari za kuku wake. Mama mkwe kamkatiza: mwenye kinyongo akimalize leo, kwa sababu Jumamosi tunafunga tanuri, zacahuil ilale humo hadi Jumapili. Hapa hata mtoto anajua, tamali haiivi mbele ya mtu mwenye hasira. Nje itaiva, katikati itabaki mbichi. Za Bibi Crescencia hazijawahi kutoka mbichi, na hilo ndilo jina lake mjini, hana jingine. Kaapa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Nicandro: atakayeitia ubichi zacahuil yake hatalala tena chini ya paa lake. "Hasira hasara," kasema, akinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Nikaacha kutafuna. Kumbe sina haja ya kupika vizuri! Inatosha Macedonio akasirike Jumamosi. Tanuri lake litatoa uji, letu litatoa zacahuil, na Shefu ana macho.

Nimekula sahani ya pili kwa furaha.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi ya kumchokoza Macedonio. Asubuhi nimepita sokoni nikinong'ona kwamba zacahuil yake anaikoleza kwa viungo vya pakiti. Tusi zito hilo! Kufikia saa sita limemfika. Kufikia saa saba kaja nyumbani. Nikajiandaa. Kaniomba, kwa upole kabisa, nimwelekeze duka: kama ladha yote ile inatoka kwenye pakiti, kateseka bure na pilipili miaka yote hii.

Sikulala vizuri mchana.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kufunga matanuri. Mapema nimeuacha mkokoteni wangu mlangoni kwa Macedonio, umeziba njia nzima. Nilipopita tena, kaukaza msumari uliokuwa unalegea na kautia grisi magurudumu. Bila malipo.

Ikabidi nimkabili. Nimemwambia usoni, mbele ya watu, kwamba yeye ni pipa, na kwamba zacahuil ya marehemu baba yake ilikuwa na ladha ya tandiko la punda. Macedonio kainamisha kichwa. Nikasema sasa! Kainua kichwa. "Ni kweli, kompadre," kasema, "mzee alikuwa hajui kupika, Mungu amrehemu. Sisi tulikuwa tunampa mbwa." Halafu kanikumbatia. Kasema naonekana nina mawazo. Kanipa chupa ya pombe ya miwa nikapumzike.

Nimerudi nyumbani na chupa kwapani. Mtu gani asiyekasirika? Nimemfanyia yote yale! Hana hata adabu ya kukasirika!

Na Shefu ndiyo kwanza kawasili na kamera zake. Mrefu, mweupe wa meno, shati lake limechanwa dukani makusudi. Kaomba nafasi ya kuwa peke yake na unga wa mahindi. Kautegea sikio. Kasema anayasikia mahindi yakizungumza. Mama mkwe, akiwa amevaa viatu, kamwuliza Amparo taratibu kama mgeni kala chochote tangu asubuhi.

Tukaifunga zacahuil: unga wa chenga uliochanganywa na pilipili nyekundu, nyama ya nguruwe na kuku wazima wazima (sasa najua baadhi ya kuku walikokwenda), majani ya mgomba juu na chini, kamba. Ikabebwa na wanaume hadi tanurini. Kabla ya kuziba mlango kwa udongo, Mama mkwe kauliza kama kawaida yake: kuna mwenye kinyongo hapa? Aliye nacho aseme, avae aproni ya mpishi, alizunguke tanuri akicheza, kisha aende akaombe radhi kwa aliyemkasirikia. Yaishe. Si aibu.

Kamera ikanigeukia. Ndani nilikuwa nachemka. Nilikuwa naliona tabasamu la Macedonio hata nikifumba macho. Lakini fundi wa kitaifa anacheza ngoma na aproni ya mama mkwe? Thubutu! Nikasema moyo wangu ni mweupe kama kitambaa cha altare.

Nikapaka udongo kwa nguvu hadi Mama mkwe kauliza tope limenikosea nini.

Jumapili, 12 Mei

Naandika kwa mkono unaouma. Nitaandika yote, historia inanidai.

Shefu alianza kwa Macedonio. Alichelewa kupanga taa. Watu walikuwa wametoka misa na njaa zao, hawakungoja taa, na alipokuwa tayari yalibaki majani ya mgomba na mtu mmoja akiyalamba. Macedonio kamwomba radhi, kampa kahawa. Nilikaribia kupiga magoti kwa shukrani. Mpinzani kauza ushindi wake mwenyewe!

Wakaja kwetu. Uwanja ukajaa. Mama mkwe kavunja udongo, majani yakafunguliwa, mvuke ukapanda. Nje nyekundu, nzuri. Kisu kikaingia katikati. Kikatoka na unga mbichi.

Nimeishi na Mama mkwe miaka mingi na sijawahi kumwona akitafuta mahali pa kukaa. Jana angesimama mpaka jioni. Leo kakaa chini kwenye ukingo wa tanuri, aproni mkononi, na wanawake wa soko wakaangalia pembeni ili asione kwamba wameona. Iliniuma. Kidogo. Kisha Shefu kaonja.

Kafumba macho. Kaonja tena, palepale pabichi. Kasema zacahuil yenye moyo laini! Kasema dunia nzima inatafuta kitu hiki. Mama mkwe kamwambia, "Mwanangu, hiyo ni mbichi." Shefu kasema ndiyo hasa, Mama! Mama mkwe kasema, "Mbichi, baba. Itakuumiza tumbo." Shefu kamshika mabega na kamwambia asiogope kipaji chake. Kisha kageukia kamera, kageukia umati, kapaza sauti: moyo huu laini ni kazi ya nani?

Jamani. Mtu angefanya nini? Taa zote zile. Mji mkuu uko mbele yangu. Nimenyoosha mkono juu kabisa.

"Mimi!" nimesema. "Ni mimi niliyeufanya hivyo! Mwenyewe! Bila msaada wa mtu!"

Makofi hayakuja. Nikaona watu wote wa San Nicandro wananitazama, na mama mkwe anainuka pole pole.

"Kumbe ni wewe," kasema.

Hakunipiga. Ingekuwa nafuu. Kasema kaapa mbele ya mtakatifu na hawezi kumdanganya mtakatifu, lakini kwa ajili ya binti yake ananipa dawa hata sasa: nivae aproni, nicheze, nimwombe radhi niliyemkasirikia. Kisha twende wote tukale maharagwe. Amparo kanifunga aproni yeye mwenyewe. Kaninong'oneza nisiharibu, tafadhali, neno moja tu, Eleuterio.

Nikacheza. Nikalizunguka tanuri lote, mkono nikaugonga kwenye mlango wake wa chuma. Macedonio akaletwa mbele, kafungua mikono, machozi yanamlengalenga. Kamera hii hapa. Neno lilikuwa mdomoni, naapa. Nikafungua mdomo nikajisikia nikisema, "Kompadre, nakusamehe."

Mama mkwe kaingia ndani na kafunga mlango. Amparo kanifungua aproni, kaikunja. Kisha naye kaingia.

Alhamisi, 30 Mei

Tangu usiku ule naishi kwa Macedonio. Kanipa chumba chenye dirisha. Asubuhi ananiletea kahawa na mkate mtamu na ananiuliza nimelalaje. Siwezi kueleza mateso haya.

Jana usiku tuliangalia kipindi pamoja. Shefu kasema zacahuil ya moyo laini aliiona ndotoni. Ndotoni! San Nicandro haikutajwa. Mimi nimeonekana kidogo, na aproni, chini pameandikwa: ngoma ya kale ya shukrani kwa mahindi. Macedonio kapiga makofi na kaita majirani. Nasikia mkahawa wa Shefu mji mkuu sasa una foleni mbili, moja ya mezani na nyingine ya chooni.

Amparo huja jioni na binti yetu. Mama mkwe kampa ujumbe uleule: mlango hauna kufuli, nikitaka kurudi nimwombe Macedonio radhi, kwa maneno yanayoeleweka. Binti kauliza nitarudi lini. Nimemwambia karibuni, baba ana kazi muhimu.

Kwa sababu ninayo! Leo kaja msaidizi wa mpishi mwingine, mwanamke kutoka Monterrey, mkubwa kuliko yule, ana vipindi viwili. Atafika Jumapili kuchagua fundi wa zacahuil. Ataanza kwa Macedonio, kisha kwa Bibi Crescencia. Na mimi nimekaa, nimefikiri, nimeona kosa langu liko wapi. Ni dogo sana. Hasira ilikuwa nzuri kabisa, tena ilifanya kazi. Niliipeleka kwenye tanuri lisilohusika.

Mama mkwe akichaguliwa, atanihitaji. Nani mwingine anajua kuongea na kamera?

Mchana huu Macedonio kaniomba nimsaidie Jumamosi kuziba tanuri lake. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kacheka, kaniuliza kwa utani tu, kama desturi, iwapo nina kinyongo chochote na mtu.

Nimemkumbatia.