Malalamiko Dhidi ya Joto la Geraldton

Oatlands, Tasmania, Australia
Katikati ya Machi

Ndugu Msomaji wa Hali ya Hewa,

YAH: GERALDTON KUONA JOTO HADHARANI

Natumaini barua hii itakukuta studio, mahali penye hita. Mimi naiandikia ndani ya gari, lililoegeshwa nje ya nyumba yangu mwenyewe, injini ikiunguruma na mbwa wangu Gus akiwa kwenye kiti cha abiria. Hatuendi popote. Sababu utaiona mbele, na nakuomba kwa heshima usicheke kabla ya kufika namba tatu.

Naitwa Athol Wiggins, mkata manyoya ya kondoo mstaafu. Unaijua sheria ya nyumba nyingi za huku kusini: moto wa sebuleni hauwashwi kabla ya Siku ya Anzac, tarehe ishirini na tano Aprili. Kwanza tunawakumbuka askari, kisha ndipo tunaota moto. Baba yangu aliishika sheria hiyo, babu aliishika, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ni kwa nini. Niliirithi kama nilivyorithi pua hii. Na usidhani mtu anaweza kuivunja kwa siri. Mji wetu ni mdogo, na watu wanaangalia mabomba ya moshi kuliko wanavyoangalia saa. Jirani yangu Neville amekuwa akitoa moshi tangu Februari na hajafa kwa aibu, lakini Neville ni mtu wa kuja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, ulisoma hali ya hewa ya nchi nzima. Ukasema Geraldton, kule magharibi, nyuzi joto thelathini na nane. Hukupumua, ukasema Oatlands tisa, na theluji imeonekana milimani. Nchi moja, bendera moja, wiki ileile ya majani kuanza kupukutika! Mke wangu Noreen alikuwa mezani na uji wake, amevaa koti. Akaweka kijiko chini. "Athol, washa moto." Nikamwambia zimebaki wiki saba tu. Akasema, "Kondoo uliokuwa ukiwanyoa uliwajengea kibanda. Mimi umenipa soksi." Nikamjibu kwamba zilikuwa soksi nzuri. Naona sasa kwamba halikuwa jibu. Jumatatu akapanda ndege kwenda kwa dada yake Glenys, anayeishi kulekule ulikomtangazia joto, Geraldton. Alifungasha vazi la kuogelea ambalo katika ndoa yetu yote sikujua kwamba analo.

2. Maneno yako yana upendeleo. Geraldton "inafurahia" thelathini na nane, sisi "tunavumilia" tisa. Nani alikutuma? Ungesema Geraldton inaungua na Oatlands imeburudika, mke wangu angekuwa hapa akimaliza uji wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye jasho hamjui mwenye sweta mbili.

3. Kuhusu gari. Sheria inakataza moto wa sebuleni, haikutaja gari, kwa hiyo huwa nakuja huku jioni kupasha miguu. Neville amenigongea kioo mara kadhaa. Jana aliuliza, "Mzee, safari ya wapi?" Nikamwambia sina safari. "Basi mafuta yanasafiri bila wewe," akasema, akarudi kwake kwenye moto wake akicheka peke yake. Nakiri kwamba nimekiona cha mtema kuni, na hali kuni zenyewe zimejaa bandani hadi kwenye paa, kavu, zimepangwa kwa mikono yangu. Lakini mtu ana msimamo wake, na msimamo wangu ninao, ingawa kwa sasa unatetemeka. Lawama hii pia naielekeza kwako.

4. Napendekeza basi kwamba joto la nchi lijumlishwe na kugawanywa sawa, kama tunavyofanya kwa mambo mengine ya taifa, na wewe usome namba moja tu kwa wote. Jumamosi ile ingekuwa ishirini na tatu na nusu. Hakuna mwanamke atakayekimbia ishirini na tatu na nusu kufuata ishirini na tatu na nusu. Na kama Geraldton haitaki kuingia katika msimu mpya wa baridi pamoja na wenzake, basi isipewe sikukuu ya Pasaka. Nilifikiri pia kuomba kwamba mtu wa upande wa baridi asihamie upande wa joto bila kibali cha mumewe, lakini hilo nimelifuta, maana Noreen akilisoma atahamia mbali zaidi.

5. Ikiwa yote hayo ni mazito kwa ofisi yako, naomba uongo mmoja tu, mdogo. Jumamosi hii sema Geraldton kuna mvua ya mawe na upepo unaong'oa mabati. Kipindi chako kinafika kule. Najua, kwa sababu Noreen alipiga simu Jumatano akasema, "Nimesikia leo mmesomewa saba. Umewasha?" Nikasema bado. Kwa nyuma nikamsikia shemeji Glenys akipaza sauti, "Mwambie aje huku tumwanike!" Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka kidogo ili nisibaki nyuma. Kisha Noreen akasema, "Haya, Athol," kwa namna ambayo sikuipenda, akakata simu. Hakusema anarudi lini. Sikumuuliza, nikiogopa kwamba angenijibu.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa haraka, kabla halijafika kwa waziri, ambaye naye atapata barua yake mara nikipata kalamu isiyoganda wino.

Wasalimie mafundi mitambo, yule dada wa habari za saa mbili mwenye sauti ya kutuliza, na yeyote anayekuletea chai hapo studio. Gus pia anawasalimu.

Wako katika sweta mbili na kofia,
Athol Wiggins

Tanbihi: Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Leo asubuhi ulisoma Oatlands saba. Nikageukia upande wa pili wa meza, tayari kabisa kukataa, na jibu langu nimeliandaa mdomoni. Hapakuwa na wa kumkatalia. Ndipo nikagundua kwamba mtu hawezi kushika msimamo nyumbani peke yake. Anakuwa amekaa kwenye baridi tu.

Nimewasha moto. Neville aliuona moshi, akatoka nje na ndara zake, akavua kofia kama anayepisha jeneza. Sikujali. Nimempigia Noreen mara mbili, shemeji anasema yuko ufukweni, na hili si jambo la kumwachia shemeji maagizo.

Kwa hiyo futa namba moja hadi tano. Soma Geraldton kama kawaida, hata ikifika arobaini. Ukifika Oatlands, soma nyuzi za nje, halafu ongeza: sebuleni kwa Athol, ishirini na mbili. Usieleze zaidi, ataelewa. Na tafadhali isome kwa sauti kubwa, maana kule kwao mafeni hayazimwi.