Ombi la Kurudi Kwenye Lami na Baiskeli Yangu

Muthara, Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Chifu,

Natumai u mzima na baraza lako pia. Mimi ni Karwirwa, mwalimu mstaafu. Uliamuru sisi wenye baiskeli tuache lami tupite njia ya nyuma, eti ndiyo salama. Nimetii wiki tatu na nimeanguka mara nne. Mwanangu Antony ameapa kwamba nikianguka tena ataichukua baiskeli aende nayo kwake Kianjokoma. Chifu, bila baiskeli nitakuwa mama wa kungoja kubebwa, na hilo naliogopa kuliko gari lolote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Njia ya nyuma ina malango kumi na moja, na kila lango lina mtu. Kupunga mkono tu ni maringo. Lazima nishuke, tushikane mikono, nipande tena. Jumatano nilimpungia Mama Kendi kwa mkono wa breki. Nilitua kwenye viazi vyake, naye akasema karibu.

2. Chai. Ukinywa kwa huyu ukakataa kwa yule, umegawanya kanisa. Nikifika lango la sita nina vikombe vitano na sahani ya githeri tumboni. Baiskeli inayumba yenyewe.

3. Bata mzinga wa Kaimenyi. Gari hunipita mara moja likaenda zake. Huyu hunifukuza, hunipita, kisha hunisubiri mbele.

4. Maswali. Dereva wa pikapu anayekimbiza miraa sokoni isinyauke hana nafasi ya kuniuliza binti yangu Igoki ataolewa lini. Hupiga honi, nasogea, tumeelewana.

Kwa hivyo naomba kurudi lami. Ikishindikana, malango yote yafungwe saa nane hadi saa kumi mchana, ninapopita. Hilo nalo likishindikana, piga marufuku salamu, na bata mzinga aitwe barazani ajitetee.

Unisalimie mama watoto, wazee wa kijiji, na karani wako Mutugi, ambaye bado ana daftari langu la nyimbo.

Mimi raia wako mtiifu,
Mwalimu Karwirwa

N.B. Mchana nilitoka kukuletea barua hii mwenyewe kwa lami, kwa majaribio. Pikapu ya kwanza ilipiga honi, nikasogea hadi mtaroni. Zingine tatu zikapita zikipiga honi pia. Tafadhali amri yako ibaki ilivyo. Aliyenitoa mtaroni ni Mama Kendi: saa tisa ilifika sijapita langoni kwake, akaacha chai motoni akaja kunitafuta. Antony asijue.