Mji Mpya wa Bwana Kalinga

Timotheo Kalinga wa Ipogolo, kule Iringa, aliuona mji mpya wa Mbeya siku ya mvua, amejibanza barazani kwa Yotamu fundi cherehani. Aliuona machoni mwa watu. Mwaka ule wa hamsini na sita serikali ya mkoloni ilikuwa imekwisha kutupanga: Wazungu juu penye upepo, Wahindi katikati penye maduka, sisi chini penye tope. Pale barazani tulikuwa tukiitukana kwa ufasaha mkubwa. Kwa kutukana tulikuwa hodari.

"Kamwene, wazee," Kalinga akatusalimu kwa Kihehe, akifungua mkoba. "Na kama mngejipangia wenyewe?"

Aliwahi kumshikia mnyororo mpima ardhi kwa miezi minne, akafukuzwa, akaondoka na karatasi, penseli nyekundu na maneno ya kizungu ya kutosha. Ramani yake ilipanda mteremko wa mlima Loleza: maduka mbele, makazi nyuma, soko, shule, kanisa la Wamoraviani, kanisa la Wakatoliki, na uwanja wa mpira katikati yao wapate pa kumalizia ugomvi.

"Wakubwa watakaa wapi?" akauliza Sedekia, mzee wa kanisa.

"Wakubwa gani, mzee wangu? Huu mji wa Waafrika. Wote sawa."



"Sawa ni sawa," akasema Jailos, karani wa boma, "lakini mimi nikae ukuta kwa ukuta na wapika pombe?"

Kalinga alikuwa mwepesi. Akachora mstari mwekundu, akaandika: Sehemu ya Juu. Basi wanaume kumi na wawili walioamka wakiilaani Uzunguni wakaanza kugombea Uzunguni yao. Yotamu alimwita Jailos mshamba wa kola nyeupe. Mwandishi wa habari hizi alitaka kiwanja cha pembeni, chenye kivuli.

"Fedha sitaki, huleta fitina," Kalinga akasema kwa huzuni ya mchungaji. "Kila mtu mabati manne. Yakusanywe kilimani, lori liyapeleke Iringa yakapakwe rangi moja, mji uwe na sura."

Mabati! Wengine tuliyaweka akiba miaka mitatu chini ya kitanda, tukilala chini ya nyasi zinazovuja. Ijumaa yote arobaini na manane yalikuwa kilimani, katika shamba la Atuganile, mjane mlima viazi. Hakuna aliyemwuliza. Ramani haikuwa na viazi.

Jumamosi asubuhi Kalinga akateremka barabarani kulisubiri lori la rafiki yake Joachim. Tairi lilikuwa limepasuka Chimala, akasubiri hadi alasiri. Huku nyuma Atuganile akatujia na jembe begani.

"Mwe wanaume, hamna haya? Mtu anawapa mji, naye anapanga chumba kwa watu? Nyumba ya mwenye kufungua mji haitangulii siku hizi?"

Ilikuwa kweli. Kwetu hutangulia, na hujengwa kwa kuitana, kutwa moja.

"Lakini mabati yanakwenda kupakwa rangi, mama," Sedekia akasema.

"Rangi ni makopo. Yapande lori yaje."

Tukakata miti na mianzi, tukakanyaga tope, tukaimba. Kila mmoja alihimiza mabati yake yawe upande wa mbele, yaonekane.

Lori lilipofika kilimani, nyumba ilikuwa imekwisha kuezekwa. Kalinga akaruka chini.

"Mabati yako wapi?"

"Juu ya kichwa chako, baba!" Jailos akasema. "Misumari mitatu kila bati!"

"Ng'oeni!"

"Ung'oe nyumba yako mwenyewe?" Sedekia akashangaa.

Yotamu akachungulia ndani ya lori. "Na makopo ya rangi yako wapi?"

Mtu aliyeuza kilima kizima akaanza kurudi nyuma. Atuganile akamshika mkono, akamvuta nyuma ya nyumba. Mianzi ilikuwa bado haijakandikwa upande ule, tukasikia yote.

"Shamba hili langu. Nikipiga yowe, hawa watakuvunja miguu. Nikienda boma, utafungwa."

"La tatu hakuna, mama?"

"Lipo. Unajua kuandika."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri ajabu. Jailos akatusomea: nyumba hii pamoja na mabati yake ni mali ya mwenye shamba.

"Kuna aliyenunua kiwanja hapa bila kuniuliza?" Atuganile akasema. "Anyooshe mkono, twende naye boma."

Hakuna mkono ulioinuka. Wangu niliutia mfukoni.

"Ndaga, asanteni, baba zangu. Mmenijengea vizuri."

Joachim akagoma kurudi Iringa mtupu, na Kalinga hakuwa na nauli. Basi lori likapakia viazi vya Atuganile, na Kalinga akawa utingo wake, akae juu ya magunia, ashushe yote sokoni Iringa.

"Usiviache juani, mwanangu," mama akamwambia.

Nani alibeba magunia hadi lorini? Sisi. Na lori lilipokwama katika tope tulilolikanyaga wenyewe, nani alilisukuma? Kalinga alisimama juu ya viazi, akapunga mkono kama mkuu wa wilaya: "Wote pamoja, wazee! Bila ubaguzi!" Sedekia akaanzisha wimbo, tukaitikia, tukasukuma.