Upepo wa Bwana Kamba

Hapa Newala maji tunayafuata bondeni, ndiyo maana kahawa ya Sadallah haijawahi kujaa, na yeye mwenyewe tunamwita Nusu Kikombe. Siku hiyo tulikuwa kwenye benchi lake tunabishana kama kawaida, mara Sikudhani akatokea, mtungi kichwani, anahema.

"Bwana Kamba anapanda mlima! Nimempita njiani, anabebwa kwenye machela."

Mrisho, mumewe, akamwaga kahawa yake. Kwa Newala huo ni msiba.

Bwana Kamba ni yule Mjerumani anayepima mashamba ya watu kwa kamba. Alipoteremka Ruvuma alimwachia Mrisho baisikeli, akamwambia: kila asubuhi kagua upepo wa magurudumu, nikikuta umepungua, viboko hamsa ishirini. Kisha bomba la kujazia akaondoka nalo, lisije likaibiwa. Na kwa akili hizo wanatutawala!

"Kwani hukukagua?" akauliza Maji Kidogo. Huyu alipigana vita vya Maji Maji, na mpaka leo analalamika kwamba dawa alinyunyiziwa kwa ubahili.

"Nimekagua kila siku! Nafungua kile kinywa cha mpira, natoa kidogo, naonja."

"Unaonja upepo?"

"Ala! Wewe unampa mgeni kinywaji bila kuonja kwanza? Kikiwa na sumu je?"

"Haya, ulikuwaje?"

"Mwanzoni ulikuwa mkali. Juzi ukapoa. Leo nimefungua, sikuupata."

Tukaenda uani kwake kutazama. Magurudumu yote mawili yamelegea kama ulimi wa mbwa.

"Msinitazame hivyo!" Mrisho akafoka. "Si mlikuwa mnakuja kunisaidia kuonja? Nusu Kikombe, nani alikuwa anapulizia makaa yake hapa?"

"Kuni zilikuwa mbichi," Sadallah akajitetea.

"Nani kafa?" akauliza Baba Somoe, mzee wetu mwenye masikio mazito.

"Bado, Baba Somoe. Shikamoo."

"Marahaba."

Maji Kidogo akakohoa kidogo. "Mimi naona tuinyunyizie dawa."

"Nyamaza wewe! Tulishaona ilivyogeuza risasi!"

Hapo Sikudhani akautua mtungi kwa kishindo. "Wanaume wazima mnapiga domo, na mgongo utakaochapwa ni wa mume wangu!" Akaingia ndani, akatoka na mto wake wa sufi, ule aliopewa na mama yake siku ya harusi. Akaupasua. Mrisho akashindwa kumtazama usoni.

Tukabandua mpira wa nje kwa mpini wa mwiko, tukashindilia sufi pande zote. Ukibonyeza, jiwe!

"Akifungua kile kinywa asisikie upepo?" Sadallah akauliza.

Wote tukamgeukia Baba Somoe. Ana pengo mbele, na akitaja jina la Sikudhani utadhani nyoka kaingia ndani. Tukamkalisha nyuma ya gurudumu, shuka begani, pindo lake limemficha mdomo. Mrisho akamwinamia sikioni, akapaza sauti: "Baba, nikikuwekea mkono begani, anza kutoa upepo mdomoni. Usinyamaze mpaka nikuambie!"

Bwana Kamba akafika, akashuka kwenye machela, akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akalegeza kinywa cha mpira, Mrisho naye akamwekea mzee mkono begani.

"Fsssss," ikasikika.

"Vizuri. Upepo mwingi." Akakaza.

"Fsssss."

Akakaza tena, mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Fsssss."

Mrisho alikuwa anatoka jasho, lakini atamwambiaje mzee anyamaze, na Bwana anasikia? Ndipo Baba Somoe akapaliwa. Gurudumu likakohoa. Bwana Kamba akaruka nyuma, akatutazama mmoja mmoja.

"Hii nini?"

"Mgonjwa, Bwana," Maji Kidogo akasema, uso mkavu. "Mchanga wa huku. Hata sisi unatukaba kifua."

Bwana akafikiri sana. Kwamba gurudumu linakohoa, hilo halimo katika elimu yake. Lakini kukiri mbele yetu kuwa halijui, hilo nalo haliwezi. "Mlinzi hana kosa," akatamka. Mrisho akashika mgongo wake kama mtu aliyerudishiwa mali yake, na Sikudhani akageuka ukutani kuficha machozi.

"Mgonjwa hatembei," Bwana akaendelea. "Mtambeba. Nyinyi wote. Mpaka Masasi."

Basi baisikeli ikalazwa kwenye machela, ikafunikwa shuka isipigwe na jua. Mrisho na Nusu Kikombe mbele, mimi na Maji Kidogo nyuma, mteremko na mchanga, na Bwana Kamba kwenye machela yake anatuhimiza tusimtikise mgonjwa. Kijiwe kikatawanyika namna hiyo, hata moto wa kahawa hatukuuzima.

Baba Somoe alisamehewa kwa uzee wake. Tuliporudi, Sikudhani alitusimulia kwamba mzee alibaki pale uani peke yake, anapuliza tu, mpaka alipokuja yeye kumletea uji. Mzee akamshika mkono, akamnong'oneza:

"Mwanangu, huyo Mrisho ameenda wapi? Mbona haji kuniambia ninyamaze?"