Hotuba kwenye Kiti cha Pili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamua. Jumamosi hii naposa. Tena naposa huku nikinyoa!

Mchumba wangu, nesi, amepata uhamisho wa mji wa mbali. Anaondoka mwisho wa mwezi, na amesema wazi kwamba akiondoka bila baba yake kutoa jibu, nisimwandikie. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Mara tatu nimekwenda kwake kujieleza, mara tatu nimekwama kwenye salamu. Mzee yule humtazama mtu kama anayesahihisha mtihani.

Lakini kila Jumamosi saa nne asubuhi huja kunyolewa ndevu hapa saluni! Kwenye kiti kichwa kitakuwa nyuma, macho darini, povu hadi mdomoni. Hataweza kuuliza swali hata moja.

Tatizo: yeye hukaa kiti cha kwanza, kwa kinyozi mwenzangu, Mzee Gazeti. Mimi nina kiti cha pili.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeshinda nikimpeleleza Mzee Gazeti. Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: yule mzee ni fundi. Ananyoa na kusimulia, anasimulia na kunyoa, na hakuna aliyewahi kutoka pale na mkwaruzo. Leo alisimulia kisa cha mwizi aliyevunja nyumba akamkuta mwenyewe mgonjwa, akaishia kumchemshia chai. Nimekisikia mara arobaini. Alipofika kwenye "mwizi akasukuma mlango wa chumbani, akaona..." akanyamaza. Wembe ukashuka kooni, ukapita taratibu, ukafutwa. Wateja kwenye benchi hawakupumua. Ndipo akamalizia: "...akaona mtu kakaa kitandani, anamngoja." Kicheko! Hata mimi nilicheka.

Nimehesabu. Amenyamaza mara kumi na moja, kila mara wembe ukiwa kwenye ngozi. Umri huo. Pumzi zinamwishia, maskini.

Siri yake nimeigundua jioni: humung'unya pipi za mnanaa. Nimenunua pakiti nzima.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mazoezi nyumbani. Nimepaka puto povu, nikashika wembe, nikatoa hotuba. Dada yangu, mshonaji, alishika saa.

Bila wembe: dakika moja na nusu, "eeh" mbili. Nikiwa na wembe: dakika nne, "eeh" kumi na tisa, sentensi moja nimeirudia mara mbili bila kujua. Maputo matatu yamepasuka. Dada anasema sura yangu ilikuwa ya mtu anayetafuta funguo gizani. Anasema yeye akishona ukosi haitikii hata akiitwa na mama. Kisha akanipiga na methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Nikamjibu kwamba aliyeitunga hakuwahi kumwona Mzee Gazeti. Akakosa la kusema. Au alikuwa anashona ukosi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Jaribio kwa mtu hai. Dereva wa lori, ndevu nyingi, mpole. Nilitaka kumsimulia mechi ya jana huku nikichonga kidevu. Nilianza vizuri! Ila mkono ulipofika pembeni ya mdomo, hadithi ikapungua mwendo, ikasimama. Nikasikia ulimi wangu ukisema kwamba golikipa aliruka, akaupangua mpira kwa taulo ya moto.

Dereva akafumbua jicho moja. "Kaka, chagua. Uninyoe au unihadithie."

Mzee Gazeti akaniita nyuma, kwenye sinki. "Mwanangu," akasema kwa upole, "ulimi na wembe ni wake wenza. Mmoja akiingia, mwingine hutoka. Miaka yote hii mimi sijavifanya viwili kwa pamoja, hata siku moja."

Nusura machozi yanitoke. Fundi mkubwa kiasi kile, na bado mnyenyekevu! Bila shaka anaificha siri ya pipi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimemwomba Mzee Gazeti aniachie Mwalimu kesho. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Alikubali kabla sijaufikia wa kwanza, akaninolea na wembe. Moyo wa mtu yule!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika kwa mpangilio.

Saa nne Mwalimu aliingia, akaelekezwa kiti cha pili, akakaa. Nikatia pipi mbili mdomoni. Wakati wa brashi na povu nilikuwa moto! Nikamwambia mimi ni kijana mwenye kazi na msimamo. Kisha nikashika wembe, na maneno yakaanza kuja moja moja. Nikamwambia nimempenda binti yake tangu siku ile, eeh, siku ile alipo, geuza shavu Mwalimu, aliponidunga sindano.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Nikafika kwenye sentensi kuu. "Naomba," nikasema. Nikakwama. "Naomba." Jasho likanitiririka. Nikakusanya akili zangu zote, hadi punje ya mwisho, nikazipeleka mdomoni. Ikatoka! Kwa pumzi moja, bila "eeh": "Naomba ridhaa yako, Mwalimu, nimuoe binti yako, nimtunze maisha yangu yote."

Sijawahi kusema vizuri namna ile. Nikatazama chini kwa fahari. Upande wa kulia wa masharubu yake ulikuwa kwenye taulo.

Masharubu ya miaka thelathini na miwili.

Mwalimu akaomba kioo. Akajitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nikamwona mchumba wangu akipanda basi bila kugeuka nyuma.

Ndipo Mzee Gazeti akaja, akautoa wembe mkononi mwangu, akaanza kisa cha mwizi kana kwamba hakuna lililotokea. Akafika mlangoni. "Akaona..." Kimya. Wembe ukashuka, mikato minne, upande wa kushoto ukaisha. "...mtu kakaa kitandani, anamngoja." Mwalimu akacheka hadi povu likaruka kwenye kioo! Ningeweza kumbusu yule mzee miguu. Sijawahi kumhusudu mtu kiasi kile, wala kumpenda.

Mwalimu akasimama, akavaa koti, akasema bila kunitazama kwamba sentensi ya mwisho ameisikia vizuri. Jibu atalitoa kesho, mkewe akishaiona sura hii.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Sikulala. Mchumba amepiga simu saa saba mchana, analia na kucheka kwa pamoja, sikuelewa kitu. Akarudia. Mama yake alifungua mlango jana, akaduwaa, akamgusa mumewe mdomo wa juu kwa kidole, akasema huyu ndiye aliyemwoa. Kumbe miaka thelathini na miwili alikuwa akiomba lile fagio litolewe!

Jibu limekuja kwa maandishi, wino mwekundu: "Nakubali. Siku ya harusi bwana huyu atoe hotuba mikono ikiwa mfukoni."

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Wenye wivu watasema ni bahati, au ni mama mkwe. Dada anasema ni Mzee Gazeti. Mimi ninayejua mambo nasema ni pipi. Nimenyoa na kuposa kwa wakati mmoja, na nimekubaliwa! Kwenye harusi nitatoa hotuba huku nikikata keki kwa kisu kirefu. Mfukoni nitatia pipi, si mikono.

Naanza mazoezi leo leo. Dereva wa lori amerudi, anataka nywele zipunguzwe tu. Mashine iko mkono wa kulia, kalamu mkono wa kushoto, daftari kwenye rafu ya kioo. Dereva kafumba macho. Naandika mstari huu huku nikipanda nyuma ya sikio, na mwandiko hautetemeki hata kidogo. Sijawahi kuandika vizuri namna hii.

Ajabu. Mzee Gazeti amenyamaza katikati ya kisa, na wembe hana mkononi. Anamtazama dereva wangu kisogoni.

Pumzi zimemwishia tena, maskini.